Khalwa ya Msafara
Katika jimbo la California, Marekani, iko hifadhi ya jangwa iitwayo Anza-Borrego, ambayo jina lake ni nusu la Juan Bautista de Anza, askari wa Kispania aliyeikata nchi ile mwaka 1774, na nusu la kondoo wa milimani. Na huko, aghalabu majira ya baridi, huenda waungwana kutafuta khalwa, ila huitafuta kwa msafara.

Gari moja lina kitanda, jokofu, jiko na bafu, hata usijue mwenyewe alitoka nyumbani kwa sababu gani. Wafikapo penye mchanga hushuka wakapunguza upepo wa tairi kwa taadhima kubwa, wakasogea hatua mia mbili, kisha wakayapanga magari duara. Na moto, maadamu kanuni yakataza kuuwasha juu ya ardhi tupu, hukokwa ndani ya chombo cha chuma. Hapo tena jangwa husahauliwa: chini ya nyota zisizo na kifani, bwana huyu atamulika kwa kurunzi uvungu wa gari la bwana yule, amwulize bei ya springi. Anza, maskini, alikuwa na farasi tu.