Kifaransa cha Memori Kadi

Mizigo ya Wakongo ndiyo inayotuweka mjini. Ofisi yetu, upande wa Kurasini, hutoa bandarini magari, vipuri, majora ya vitenge na chochote alichoagiza mfanyabiashara wa Lubumbashi, kisha hukipakia kwenye malori yanayopanda hadi Tunduma, yakakatiza Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Malori hayohayo hurudi na shaba. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bosi wetu alifurahi utadhani mkataba kausaini yeye, na tangu hapo akawa na wimbo mmoja: ofisi itakayokuwa na mtu wa Kifaransa itawazoa wateja wote.

Kwamba wateja hao tulikuwa tukielewana nao kwa Kiswahili miaka yote halikumsumbua. Kiswahili, alidai, ni cha kupatana bei. Mteja mwenye makontena matano hubembelezwa kwa lugha ya shuleni kwake. Macho yake yakazunguka chumba kizima yakatua kwangu, maana wengine wote walikuwa na watoto wa kupeleka shule. Nikataja darasa. Akataja ada. Tukatazamana kidogo, kisha akasema kuna masomo ya kusikiliza tu, unaweka sikioni huku unaendelea na kazi. Alivyolitamka lile "unaendelea na kazi" nikajua mjadala umefungwa.

Masomo yenyewe yalikuwa 30, kila moja nusu saa, na bando langu lisingeweza kuyashusha hata robo. Nikaenda Kariakoo kwa kijana mmoja anayeingiza nyimbo kwenye simu, kompyuta juu ya meza, kava za simu zimemzunguka pande zote. Akanijazia kadi ya memori, na kwa kuwa nafasi ilibaki, akaniongezea taarabu za ofa bila kuulizwa. Alichonipunja ni sifuri. Simu hupanga mafaili kwa herufi, haihesabu kama binadamu. Usipoandika 01, 02, 03, yenyewe ikimaliza somo la 1 inaruka hadi la 10, inakwenda hivyo mpaka la 19, ndipo inakumbuka kwamba kuna la 2. Kisha linafuata la 20.

Basi somo la 1, mwanamume mmoja yuko Paris, anamsimamisha dada barabarani na kumuuliza kwa adabu kama anaelewa Kiingereza. Dada haelewi. Nikageuka ubavu, likaingia somo la 10: wanapanga chakula cha mchana. La 12 wanabishana nani alipe. Kufika la 17 dada anamtajia idadi ya watoto wake, wakubwa na wadogo, na mimi nimeshaanza kuwazoea wote. Halafu likaja la 2. "Samahani, dada, unaelewa Kiingereza?"

Ni dhuluma kwa marehemu Paul Pimsleur. Huyu alikuwa Mmarekani, mwalimu wa Kifaransa, aliyechapisha mwaka 1967 ratiba ya kumkumbusha mtu neno jipya kabla halijamtoka: baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, hadi miaka 2. Kozi nyingi za sauti zimejengwa juu ya wazo hilo. Neno linatajwa, linaachwa lipoe, linarudishwa palepale linapotaka kuchomoka kichwani. Mimi maneno yalikuwa yananirudia kabla sijatambulishwa kwayo. Pimsleur alifariki mwaka 1976, akanusurika kukutana na kijana wangu wa Kariakoo.

Kwa haki, mambo mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyotishwa. Kozi ililenga Wamarekani, na mwalimu alitumia dakika nyingi kuwaandaa kisaikolojia kwa ile r ya Kifaransa itokayo kooni. Mtu wa pwani asemaye ghali, ghafla na ghorofa tangu anyonye, r hiyo anaipata bure. Kilichonitoa jasho ni ile u yao ya kubana midomo huku ulimi unataka kusema i, na zile irabu za kupitia puani, ambazo nilizifanyia mazoezi mpaka jirani wa chumba cha mkono wa kulia akanipa pole ya mafua. Halafu mwalimu akashusha sauti, akaomba wanafunzi wasikate tamaa, akatangaza kwamba nomino za Kifaransa zina jinsi mbili. Mbili! Mtu aliyepita katika M-WA, KI-VI, LI-YA, U-ZI na ukoo wao wote, tena aliyechapwa bakora kwa kusema "kiti yangu", unamtisha kwa mbili?

Shida ya masomo haya ni kwamba ukinong'ona hayaingii. Sauti inasema, inakaa kimya, unajibu kwa sauti yako kamili, ndipo inakusahihisha. Nilijaribu kwenye basi la mwendokasi, asubuhi, Magomeni hadi Gerezani. Mama aliyekuwa pembeni yangu alihamisha mkoba wake, kisha akajihamisha na yeye. Nikakaa kiti chake. Anayepanda mwendokasi saa 1 asubuhi anajua faida hiyo hata bosi hakuipigia hesabu. Lakini abiria wengine walianza kuniangalia vibaya, nikahamishia masomo nyumbani, usiku.

Nyumba yetu ya Magomeni ni ile ya korido katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba ni Bi Mkubwa mmoja wa Unguja, aliyekuja bara kwa ndoa na akabaki kwa kodi. Usiku mmoja umeme ulikatika, eafoni zangu zilishakufa sikio moja baada ya jingine, nikaiacha simu ipige kwa spika yake juu ya mto, nikafumba macho nipate kuzingatia. Mlango wazi kwa sababu ya joto, pazia tu.

Sasa mfikirie Bi Mkubwa anayepita koridoni kwenda kutawadha. Ndani ya chumba cha kijana anayeishi peke yake, gizani, inatoka sauti ya mwanamume wa kigeni. Anajibiwa na sauti ya mwanamke. Kisha kijana mwenyewe anayarudia yote, polepole, kwa sauti ya puani.

Mtu mzima wa Unguja haulizi hapo kuna nini. Anauliza ni kabila gani. Wapo masheitani wa Kiarabu, wapo wa Kihabeshi, na wapo wa Kibuki waliovuka bahari kutoka Bukini, yaani Madagaska, hawa wenye tabia za kizungu na wanaojulikana Zanzibar nzima kwa kupenda brandi. Alikwenda kumwamsha shoga yake wa nyumba ya pili, ambaye babu zake ni wa Ngazija na utoto wake ulipita hukohuko, kwa hiyo Kifaransa kinamwingia. Wakarudi wawili na chetezo.

Kilichofuata nimesimuliwa, kwa sababu mimi macho yalikuwa bado yamefumbwa.

"Karibu bwana," Bi Mkubwa alisema kwenye pazia, kwa heshima zote. "Tumekusikia. Wataka nini kwa mwanetu?"

Sauti ikajibu: *Je voudrais boire quelque chose.*

"Kasemaje?"

"Ataka kinywaji," shoga akatafsiri.

"Si nilikwambia? Mbuki! Mwambie hapa ni nyumba ya dua, hatuweki vitu hivyo."

Kozi hizi huacha nafasi ya kujibu, na wale mabibi waliitumia vizuri kuliko nilivyowahi kuitumia mimi. Shoga alipomaliza kufikisha ujumbe, sauti ikasema, kwa upole kabisa: *Non, pas ici. À l'hôtel.*

"Asema hapa hapataki. Ataka hotelini."

"Hotelini!" Bi Mkubwa akashika kichwa. "Huyu ni wa gharama. Kodi yenyewe mwanetu halipi kwa wakati."

Ni ubani ulionizindua. Nilifungua pazia nikakuta chetezo usawa wa pua yangu na nyuso mbili zinazonitazama kwa huruma. Nikaamkia shikamoo kwanza, kwa Kiswahili na kwa sauti yangu mwenyewe, hilo likasaidia. Nikawaonyesha simu. Shoga alielewa upesi na kuanza kucheka. Bi Mkubwa alitaka kuiona kadi yenyewe, akaigeuza huku na huku kwa mwanga wa makaa, akasema haoni ajabu, masheitani hukaa hata kwenye chupa.

Toka siku hiyo nikawa na wanafunzi wenzangu. Walikuja na kahawa na kashata baada ya isha, shoga akitafsiri, Bi Mkubwa akihukumu. Mwanamume yule hakumpendeza hata kidogo. Anamwalika mwanamke kinywaji hajamuuliza kwao wapi, hana mshenga, na kila siku anatafuta mtaa uleule, Rue Saint-Jacques, akielekezwa haendi. "Hana kazi huyu," alisema. Lakini alimsikiliza, kwani alitaka kujua watafikia wapi. Tulipomaliza la 29, ambapo dada amemkaribisha kwa mama yake mzazi, simu ikaleta la 3.

"Samahani, dada..."

"Haya tena! Jana kala kwa mama yake, leo hamjui!"

Nikamweleza habari ya sifuri. Akasema sifuri haimsahaulishi mtu mwanamke aliyekula naye sahani moja. Alichokiona pale ni mwanamume wa kawaida tu.

Na kwa kweli mazungumzo ya kozi hizi yana wazimu wake hata yakifuata mpangilio. Eugène Ionesco, mzaliwa wa Romania aliyeishi Ufaransa, aliwahi kuamua kujifunza Kiingereza kwa Assimil, ile njia iliyoanzishwa na Alphonse Chérel mwaka 1929. Ndani ya kitabu akamkuta Bi Smith anamfahamisha mumewe kwamba wana watoto, kwamba wanakaa karibu na London, na kwamba jina lao ni Smith. Ionesco alinakili sentensi hizo kwa bidii ya mwanafunzi mwema, mpaka zikaanza kumtisha. Badala ya kujua Kiingereza akaandika tamthilia, *La Cantatrice chauve*, iliyochezwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1950, na tangu 1957 imekuwa ikirudiwa miaka nenda miaka rudi katika ukumbi mdogo wa La Huchette. Ukumbi huo uko hatua chache tu kutoka Rue Saint-Jacques. Yule bwana wetu angeuliza vizuri wangemwonyesha, angeingia akakuta ndugu zake.

Siku ya mtihani ilifika bila taarifa. Aliingia mteja wa Lubumbashi, mtu mnene, mchangamfu, suti ya rangi ya maziwa, na bosi akanisukuma mbele kwa kidole mgongoni. Nikamsalimia kwa Kifaransa. Nikamwambia nimefurahi kumwona, nikamuuliza kama angependa kahawa. R zangu zilitoka safi kiasi kwamba mhasibu aliacha kuhesabu. Uso wa mteja ukafunguka, akanimwagia Kifaransa cha dakika nzima, mikono ikishiriki.

Nikasubiri ile sauti irudie polepole. Ofisini hakukuwa na sauti yoyote ila feni. Mteja naye alinisubiri, kwa adabu, kwani mtu aliyeanza vile hakuweza kumdhania kwamba haelewi. Nikaona nimpe sentensi ninayoimudu kuliko zote.

"*Non, pas ici*," nikasema. "*À l'hôtel.*"

Akamgeukia bosi. "Conteneur yangu iko ku hôtel?"

Ilichukua muda kumtuliza, na tulimtuliza kwa Kiswahili, chake na chetu. "Papa," aliniambia baadaye akijifuta machozi ya kicheko, "mi nilizaliwa Lubumbashi. Kiswahili njo luga ya kwetu. Juu ya nini unajitesa?" Hata hivyo lafudhi yangu ilimfurahisha, akakaa kunifundisha vile ambavyo masomo 30 hayakuwa navyo: kontena, hati ya mzigo ambayo wao huiita *connaissement*, forodha, ucheleweshaji. Kozi nzima imejaa mvinyo na maelekezo ya mitaa, haina hata kontena moja. Bosi alisikiliza kutoka mezani kwake na kuandika mahali kwamba mafunzo yanaendelea vizuri.

Akachukua namba yangu. Wiki ile lori lake lilikwama Tunduma, na usiku akanipigia kuuliza habari, akianza na Kifaransa kwa kunichokoza, neno mojamoja, polepole, sauti nzito ya kiume. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika. Pazia likafunguka, Bi Mkubwa akaingia, ushungi begani, jicho kwenye simu.

"Ndiye?"

Kabla sijapata la kusema alishainyakua. "We mwanamme, leo nijibu mwenyewe. Yule binti, mwisho wake ulimwoa au ulimwacha?"

Upande wa pili kimya. Kikawa kimya kirefu, urefu uleule wanaoupenda watengenezaji wa kozi.

"Maman," mteja akasema kwa Kiswahili, sauti imeshuka kabisa, "nani alikuambia ile mambo?"