Tundu la Tano ni la Akiba

Gari la mkononi huuzwa pamoja na vitu vinne: ufunguo, kadi, jeki na maneno. Siku ya kukabidhiwa, jeki ndiyo huwa haipo, na maneno huwa yameongezwa ili kuziba pengo lake.

Nasema hivi bila kinyongo na madalali. Dalali wa magari wa Mwanza ana adabu kuliko wengi wetu. Anakuita bosi kabla hujaonyesha hela. Boneti anakufungulia mwenyewe, gari analiwasha mwenyewe, na moshi ukitoka mweusi anakueleza kuwa gari linasalimia. Ila jaribu kufunua kapeti la buti uone. Anashtuka kama bibi harusi aliyeombwa na mawifi afungue sanduku mbele ya wageni.

Lililonipeleka huko ni Toyota IST namba D, zile za toleo la kwanza zilizotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Na mimi ni mtu wa kijijini Suguti, Musoma. Kwetu ukaguzi wa gari hauanzii kwenye injini. Injini ikizimika karibu na nyumbani, vijana watasukuma kwa bei ya soda. Lakini tairi likikupasukia katikati ya barabara ya Musoma–Makojo–Busekera, kilomita 92, kila anayepita anakuletea pole, na pole haina matundu ya nati. Kwa hiyo nilianza na tairi la spea.

Chini ya kapeti palikuwa na ubao, chini ya ubao shimo, na ndani ya shimo kitairi chembamba ambacho ungedhani ni cha pikipiki. Dalali akaniwahi: "Kimefanywa chembamba makusudi, bosi. Kinapunguza ulaji wa mafuta."

Ukweli ni kwamba vitairi hivyo si feki. Wajapani huviweka ili vikufikishe gereji, si mpakani Sirari. Vimeandikwa ubavuni mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na vinataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Ndiyo maana fundi pancha ukimwambia ajaze 60 anakutazama usoni kwanza, kisha anasogeza watoto mbali. Cha kwangu hakikuwa na hatari hiyo. Geji ilipogusishwa, mshale haukuona sababu ya kuinuka.

Nikapiga magoti kutafuta umri wake. Ubavuni mwa matairi mengi yaliyotengenezwa tangu 2000, mwishoni mwa mlolongo wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hili liliandikwa 1804, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2004. Mpwa wangu aliyenisindikiza, ambaye ana kitambulisho cha taifa na mtoto mmoja, alizaliwa baada ya hapo. Akaliinamia akasema, "Shikamoo."

"Lakini tazama, bosi," dalali akasema, "hili halijawahi kukanyaga ardhi."

Hilo nalo lilikuwa kweli tupu. Vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka nao kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Tatizo ni kwamba mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Joto na hewa huukausha, ubavu unaanza kupasuka nyufa ndogondogo, na watengenezaji wengi wanakwambia tairi likifika miaka 10 litoe, hata la spea ambalo halijawahi kufanya kazi. Hili lilikuwa limestaafu bila kuajiriwa.

Dalali akaondoka nalo na kurudi na jingine, nene, lenye kashata nzuri, akiwa amelibeba begani ili nione uzito wake. Nikamwambia, "Lifunge tuone." Akasema hakuna haja. Nikasema ipo. Gari likanyanyuliwa kwa jeki ya gereji ya jirani, tairi la mbele likatolewa, na jipya likasogezwa mahali pake. Kitovu cha gurudumu kilikuwa na studi nne. Rimu lilikuwa na matundu matano.

Dalali alilizungusha kwanza kulia, kisha kushoto, kana kwamba tundu moja lingechoka na kuondoka. Studi moja ikaingia, akaona ni mwanzo mzuri. Ya pili ilipogoma alifuta jasho, akanigeukia na uso wa mtu anayekuongezea kitu bure:

"Bosi, nne zinatosha kabisa. Hilo tundu la tano ni la akiba."

Tairi la tatu lilikuwa na matundu manne, upepo, na umri unaoeleweka. Nikalipokea. Kisha nikauliza jeki. Dalali akaingia uchochoroni na kutoka na jeki kubwa iliyofungwa kwenye kipande cha kiroba, akaiweka mwenyewe ndani ya shimo la spea, akafunika ubao, akatandaza kapeti na kulipapasa. "Hii ni zawadi yangu kwako," akasema. Msomaji aikumbuke zawadi hiyo.

Njiani, Magu, Lamadi, geti la Ndabaka, Bunda, gari lilikuwa kimya kabisa. Aliyeongea ni mwanamke mmoja tu wa Kijapani anayeishi ndani ya dashibodi, ambaye kila ukiwasha gari anakutaarifu kwa heshima kuwa hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Tuliingia Musoma tukijisifu. Ni tulipoiacha lami na kushika changarawe, kwenye zile rasta zinazotetemesha mpaka meno, ndipo ilipoanza: kakaraka, kakaraka, ka.

Kelele ya gari kijijini ni mali ya umma. Kesho yake gari lilipoegeshwa Suguti senta, kila mtu alikuwa na jibu, na kila mtu aliisikia kwa sikio la kazi yake. Mzee aliyeendesha lori la pamba enzi za ushirika alisema ni springi, ingawa mbele IST ina springi za mviringo na yeye alikuwa anaeleza za majani. Mvuvi alisema ni propela imelegea. Akaambiwa gari halina propela, akajibu, "Basi ndiyo maana." Mwenye duka la spea alisikiliza kwa makini akasema ni shokapu. Shelfuni kwake zilikuwamo shokapu, na hakukuwa na kitu kingine.

Na kelele yenyewe ina tabia ya mtoto mbele ya mgeni. Ukiwa peke yako inapiga ngoma. Ukimpandisha fundi, inanyamaza. Fundi anazunguka nawe mpaka karibu na kijiji cha Kusenyi, kimya. Anashuka, mlango unafungwa, kakaraka.

Hata hivyo fundi wetu alikuwa mtu wa mpango, na mpango wake nauandika hapa umfae mwingine. Kwanza, toa kila kinachoweza kucheza: chupa ya maji, chenji, Biblia, spana chini ya siti. Pili, kanyaga breki kidogo wakati inapiga. Ikikoma, angalia pedi na kalipa. Tatu, kata kona mpaka mwisho uwanjani. Ikipiga ka-ka-ka kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, ni sivi jointi. Nne, simama, gari likiwa silensa, ongeza moto taratibu. Mlio wa zzzz unaokuja kwenye moto fulani na kuondoka ni bati la ekizosti. Tano, pita polepole upande mmoja tu ukiwa juu ya tuta. Ikigonga, tikisa linki za stabilaiza kwa mkono.

Tuliufuata mpango, na kila hatua ilitoa mshtakiwa. Bati la ekizosti kweli lilikuwa limelika kwenye bolti. Likafungwa kwa klempu. Linki moja ya stabilaiza kweli ilikuwa inacheza, ikabadilishwa. Kelele ndogo mbili zikafa. Ile kubwa, kwa kukosa washindani, ikasikika vizuri zaidi.

Tukafungua dashibodi. Nyuma ya kisahani cha majivu kilidondoka kisarafu cha njano chenye tundu katikati. Ilikuwa yeni 5 ya Kijapani, lakini babu mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi alinyoosha mkono kabla sijasema neno. "Hiyo ni yetu," akasema. "Senti kumi ya mkoloni. Tulikuwa tunazitunga kwenye kamba." Alikuwa na haki ya kuchanganya, maana senti kumi za Afrika Mashariki nazo zilitobolewa katikati, na mfalme akaandikwa jina tu bila sura. Babu alitueleza sababu: wangemchora, tundu lingempitia kichwani. Akaisugua kwa kidole gumba, akaigeuza, akaitia mfukoni. Sikuwa na namna ya kumwambia babu wa watu kuwa ile hela ilitoka Japani ndani ya gari langu. Kelele iliendelea, ila babu alipona.

Hapo fundi akafikia ushauri wa mwisho wa mafundi wote duniani: "Mkuu, ongeza sauti ya redio." Nikaongeza. Redio za magari kutoka Japani za wakati ule zinaanzia FM 76 na kukomea 90, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nilichopata ni mkoromo wa hewa, na kelele ikawa na mpiga zumari.

Aliyelimaliza jambo ni mama mmoja muuza dagaa. Aliomba lifti ya kwenda Musoma na viroba vyake, na kwetu kumnyima mama wa dagaa lifti ni kujitangazia njaa. Vikapangwa butini mpaka juu. Nilipowasha gari, yule Mjapani wa kwenye dashibodi akatoa taarifa yake. Mama akaitika toka siti ya nyuma, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza mkwe anatokea wapi.

Tukaingia kwenye rasta. Kimya. Tukaongeza mwendo. Kimya. Nikapita makusudi kwenye shimo ambalo nalijua kwa jina. Kimya. Tulipofika Musoma tukashusha dagaa, nikageuza gari, na kabla sijamaliza mita mia juu ya changarawe ya kurudi: kakaraka, kakaraka, ka.

Benchi zima lilikuwa limekalia swali la kelele iko wapi. Swali lenye faida lilikuwa ni lini inanyamaza, na kabla yake kuna nini kimebadilika. Masikio yalikuwa yametupa springi, propela na shokapu. Viroba vya dagaa vilitupa buti.

Nikasimamisha gari pembeni, nikafunua kapeti, ubao, na kutazama. Tairi la spea lilikuwa limekaa palepale, limebanwa na bolti yake, halina hatia. Pembeni yake kuna kishikio cha jeki. Jeki inayotoka na gari hukaa ndani yake, ukaizungusha skrubu kwa mkono ikatanuka mpaka ikabana. Isipobanwa hivyo, hucheza. Jeki ya zawadi, iliyotoka kwenye gari jingine lililo kubwa, haikuenea humo hata kidogo. Dalali alikuwa ameilaza tu juu ya rimu. Kile kiroba kilikuwa kimekwisha kusagika na kuwa nyuzi, na chuma kilikuwa kinapiga chuma kila rasta, isipokuwa siku dagaa walipokuja kuukalia ubao.

Dawa ilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli na soli ya katambuga. Nimelipa linki, nimelipa klempu, nimelipa fundi kukaa kimya mpaka Kusenyi; soli ya katambuga nilipewa bure. Gari sasa linapita kwenye rasta bila kusema neno.

Lakini kesi haikuishia hapo, kwa sababu mama wa dagaa alipata habari kuwa gari limepona, na alipokuja na viroba vyake nikamwomba, kwa heshima zote, achangie mafuta kidogo. Aliweka kiroba chini.

"Baba," akasema, "siku ile nililitibu gari lako kwa dagaa wangu. Je, nilikudai?"

Nikasema hapana.

"Na ugonjwa uliujua kwa fundi au kwangu?"

Benchi likajibu kwa niaba yangu, babu mwenye yeni 5 akiwa wa kwanza. Hukumu ikatoka hapohapo: mama atasafirisha viroba bure wakati wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikirudi, wavuvi wakapumzika, gari litapumzika nalo. Nikauliza harufu itakuwaje, maana hata na madirisha wazi buti sasa linanuka mwalo mzima.

"Harufu," mama akasema akipandisha kiroba, "hiyo ni zawadi yangu kwako."