Ufito wa Futi Tisa

Wanaume wa mtaani kwetu Nyeri wakistaafu huwa na njia zao. Kuna wanaofuga kuku wa kienyeji mpaka kuku wawachoshe, kuna wanaogombea uzee wa kanisa, na kuna wanaoshinda kwenye ngazi za duka wakiamua kesi za serikali ambazo hakuna aliyewapelekea. Mzee wangu alikaa nyumbani kwa muda bila kazi, akanikosoa namna ninavyokata sukuma wiki, kisha akatangaza kwamba ataunda ufito wa kuvulia trauti. Si kununua. Kuunda. Nilifurahi, maana nilidhani kazi hiyo hufanyiwa nje.

Niwaeleze wasioujua uvuvi huu. Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaoipeleka ndoana majini. Anayevua kwa nzi bandia hana chubwi. Nzi wake ni unyoya wa jogoo na uzi uliozungushwa kwenye ndoana ndogo, kitu ambacho ukikipuliza kinapeperuka. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, wenye uzito wake, na ufito ndio unaoukunja na kuukunjua hewani mbele na nyuma mpaka umtue nzi juu ya maji taratibu. Ufito ukiwa mgumu mno, au ukipinda pasipotakiwa, mshipi huanguka kwa kishindo na samaki wote huhama. Haya niliyajua kwa kulazimishwa kusikiliza, mezani, chai ikipoa.

Nzi hawakuwa tabu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia kwa wingi na kuwauza Uingereza na Marekani, na jirani yetu mmoja amesomesha watoto kwa kazi hiyo bila kuwahi kukanyaga ukingo wa mto wenye trauti. Mzee alipomwambia anaunda ufito wake mwenyewe, jirani alinitazama mimi, wala si yeye, akaniambia pole.

Trauti naye ni mgeni huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika mto Gura unaoteremka kutoka Nyandarua. Samaki wakakubali baridi ya maji yetu. Walowezi wakaifanya mito hii kuwa mahali pao pa kupumzikia, na marehemu baba mkwe, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliowabebea vikapu. Kikapu aliruhusiwa kubeba. Ufito hakuruhusiwa kugusa. Mzee hulisimulia jambo hilo akitazama kando, na ndiyo sababu niliposikia anataka kutumia meza ya sebuleni sikuwa na la kusema.

Kifurushi kilipofika kutoka ng'ambo, ndani mlikuwa na vipande vinne vya bomba jeusi la nyuzi za kaboni, upande mmoja jembamba kuliko penseli, ambavyo vikiunganishwa hufika futi tisa. Hapakuwa na mpini, pete wala nakshi. "Huu bado si ufito, Mwalimu," aliniambia kwa heshima kubwa. "Huu ni mwili tu." Bei ya mwili huo sikuambiwa, wala ushuru wake wa forodha, lakini mwezi ule tulikula maharagwe kwa bidii.

Kila kipande, nilikuja kujua, kina uti wake wa mgongo, yaani upande mmoja ulio mgumu kuliko nyingine. Ili kuupata, unasimamisha kipande sakafuni, unakikunja kwa kiganja kimoja huku ukikizungusha kwa kingine, na kikifika mahali pake kinaruka chenyewe na kutulia. Hapo unatia alama, kwa kuwa pete zikifungwa bila kuujali uti, ufito unaweza kujisokota mkononi. Kipande cha kwanza kiliruka vizuri. Cha pili kiliruka kikamponyoka, kikaenda kuvunja kioo cha picha yetu ya harusi. Alitia alama kwanza, ndipo akaokota vigae.

Mpini huundwa kwa koki, ile inayozibia chupa za mvinyo. Koki ni gamba la aina ya mwaloni, na karibu nusu ya koki yote duniani hutoka Ureno, ambako mti ukishavuliwa gamba huachwa miaka tisa hivi ndipo uvuliwe tena. Inakuja ikiwa visahani vidogo vyenye tundu katikati. Unavigundisha dazani nzima, unavibana kwa nati pande zote mbili, halafu unavizungusha na kuvipiga msasa mpaka vipate umbo la kushikika. Fundi mwenye mashine ya kukereza hufanya kazi hii karakanani. Mzee aliibana drili kwenye meza ya kulia chakula kwa jiriwa, akaiwasha.

Vumbi la koki lina tabia zake. Halianguki; hutembea. Lilipita chini ya mlango wa jikoni, likaingia kwenye sukari, likajipanga juu ya vitambaa vya makochi nilivyovishona kwa mkono. Nilipofagia lilipanda juu, likangoja niondoke, likateremka. Mama mkwe, ambaye sote twamwita Shosho na ambaye alikuwa amekuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho, alikunywa chai yake akasema ina ladha ya mti. Lakini mpini ulitoka mzuri, sina budi kukiri. Ulijaa kiganjani na kupungua taratibu kuelekea mbele, na Mzee aliupitisha kwa kila aliyeingia nyumbani aushike, akiwemo kijana aliyeleta gesi.

Kisha ikaja kazi ya uzi, na hapo ndipo tulipogombana.

Ufito wa futi tisa huhitaji pete zipatazo kumi, bila kuhesabu ile ya nchani inayobandikwa kwa gundi. Pete zenyewe ni vijiwaya vilivyopinda, kila kimoja kina miguu miwili, na kila mguu lazima upigwe tupa mpaka ncha yake iwe kali, ili uzi uweze kuupanda bila kuacha pengo. Halafu unafunga. Unazungusha ufito, uzi ujilaze ubavuni mwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, bila kupishana wala kuachana. Na uzi lazima uwe umekazwa sawasawa muda wote. Zipo mashine za kuukaza, lakini njia ya zamani ni kuupitisha katikati ya kurasa za kitabu kizito.

Nyumbani kwetu kuna vitabu vizito viwili. Biblia hakuthubutu, maana Shosho alikuwa amekaa karibu nayo. Akachukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chombo changu cha kazi, akapitisha uzi kwenye herufi M, akaweka matofali mawili juu yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu, na nusu ya nomino za lugha hii, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kufungua kamusi, ziko kwenye M. Kila nilipotaka kuhakikisha jambo nilijibiwa kwamba nikifungua uzi utalegea. Wanafunzi kadhaa walipata alama juma lile kwa maneno ambayo mpaka leo sina uhakika nayo.

Hata hivyo nilisogea nikatazama. Alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, ufito umelala kwenye katoni aliyoikata mifereji miwili. Alipokaribia mwisho wa kufunga mguu wa pete, alilaza kitanzi cha uzi mwingine juu ya ufito, akaendelea kuzungusha juu yake mara chache, akakata uzi, akauingiza mwisho wake kwenye kitanzi, akavuta. Ncha ya uzi ikaingia chini ya mizunguko na kupotea. Hakuna fundo. Hakuna gundi. Akapitisha kijiko juu yake kuulainisha, akaninyanyulia uso bila kusema. Huyu ndiye mwanamume ambaye tangu tuoane kifungo kikikatika huniletea shati. Siku iliyofuata nilimwekea mashati yote yasiyo na vifungo pembeni ya katoni, lakini alisema hiyo ni kazi ya aina nyingine.

Uzi ukishafungwa hupakwa epoksi, na hii ndiyo sehemu inayoua ndoa. Ni maji mawili mazito yanayochanganywa kwa vipimo vilivyo sawa kabisa; Mzee alipima kwa mabomba ya sindano aliyonunua duka la dawa, ambako walimtazama vibaya. Kimoja kikizidi, epoksi haikauki, hubaki inanata milele. Ukikoroga kwa pupa, inajaa viputo, na viputo hutolewa kwa kupitisha mwali wa spiriti karibu yake bila kuuchoma uzi. Ukishapaka, ufito lazima uzunguke polepole kwa saa kadhaa. Ukisimama tu, epoksi huteremka na kufanya kitumbo upande wa chini. Tena pasiwe na vumbi. Alilowanisha sakafu, akapiga marufuku kufagia, kukung'uta leso na kupita kwa kasi.

Mafundi hupaka kipande kimoja kimoja. Mzee aliviunganisha vyote vinne, akaulaza ufito mzima kuanzia kwenye kabati la televisheni hadi karibu na mlango wa jikoni, mpini ukishikwa na mota aliyoing'oa kwenye jiko la kuchomea kuku lililoharibika. Sebule ilikatika vipande viwili. Ukizunguka taratibu, unang'aa, hata mimi niliona ni kitu cha kupendeza. Tatizo ni kwamba jioni hiyo ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha chama.

Akina mama waliingia mmoja mmoja wakiinama chini ya ufito kuelekea jikoni, mweka hazina na daftari lake kifuani, mwenyekiti akiwa ameshikilia kilemba kwa mikono miwili. Mzee alisimama kando na kumwambia kila mmoja "pole pole, mama, usipumulie hapo." Tulifanya mkutano kwa kunong'ona. Tulikuwa tumefika kwenye faini za waliochelewa pale stima zilipopotea.

Kimya. Mota imesimama. Halafu sauti ya Mzee kutoka gizani, sauti ambayo sijaisikia hata alipopata habari za kifo cha baba yake: "Mwalimu! Unateremka!"

Shosho ndiye aliyeokoa jahazi. Aliomba mshumaa, akavuta kigoda, akauliza unazungushwa upande gani, akashika mpini. "Mpaka lini?" akauliza. Mzee akasema mpaka ishike. Basi Shosho akaanza kuugeuza kama mishikaki, bila haraka, nusu mzunguko, akingoja, nusu tena. Alipochoka, mwenyekiti akapokea, kisha mweka hazina, ambaye alisoma hesabu za mwezi kwa sauti huku akigeuza kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia. Hakuna aliyeweza kuondoka. Wote walikuwa upande wa jikoni, na Mzee alikataa katakata mtu yeyote apite chini ya epoksi mbichi gizani. Nikasonga ugali. Stima ziliporudi usiku mwingi walikuwa wameshauriana kununua matangi ya maji na kusuluhisha ugomvi wa zamani, na mimi nimemaliza unga.

Asubuhi Mzee aliukagua kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa umeshika vizuri, bila kitumbo, ila mishumaa yetu ilikuwa imeita wadudu, na pale kwenye pete ya tatu kutoka mpinini usubi mmoja alikuwa ameingia ndani ya epoksi na kukaa humo mbawa zimefunguka, kila mshipa unaonekana. Angeweza kumkwangua kwa wembe na kupaka upya. Alifikiri, akamwacha. Sasa humwonyesha kila mgeni.

Jaribio la kwanza uani siwezi kulieleza kwa kirefu kwa sababu jirani bado hajafua moyo. Ndoana ilikuwa imekatwa ncha, lakini mshipi wenye uzito wake ukizunguka kamba ya nguo mara kadhaa hauhitaji ndoana kuangusha mashuka. Baadaye alikwenda Gura na leseni yake mfukoni, akarudi jioni na trauti mmoja aliyetosha mtu mmoja asiye na njaa. Nilimkaanga kwa siagi na limau. Tulimla watu watano, kwa adabu.

Ni Shosho aliyeharibu mambo. Alimaliza sehemu yake, akapangusa vidole, akaushika ufito na kuupeleka karibu na jicho lake zima. "Ni mzuri," akasema. "Lakini zile za wazungu alizokuwa akizisimulia baba yako hazikuwa nyeusi. Zilikuwa za mwanzi."

Mzee alinyamaza, na mimi nilijua tayari.

Sasa nyumbani kuna kitabu cha Everett Garrison na Hoagy Carmichael mdogo, mtoto wa yule mtunzi wa nyimbo, kilichotoka 1977, na husomwa kwa sauti wakati wa chakula. Nimejifunza kwamba mwanzi unaotakiwa hutoka jimbo la Guangdong, China, na kwamba Marekani ilipoizuia biashara na China mwaka 1950 mafundi walikosa mwanzi wakageukia nyuzi za kioo. Nimejifunza kwamba ufito huundwa kwa vipande sita vya pembe tatu, vinavyopigwa randa mpaka nchani kila kimoja hakifiki unene wa milimita moja, kisha vinagundishwa kuwa kimoja. Mianzi ya Nyandarua Mzee ameikataa, si kwa sababu ya sheria ya misitu peke yake, bali anasema nyuzi zake hazijabanana vya kutosha. Mingine imeshaagizwa.

Juzi nilikuwa nakunja nguo alipoingia jikoni na utepe wa kupimia.

"Mwalimu, oveni yako inafika digrii ngapi?"

Nikamwambia zaidi ya mia mbili, na ni ya keki.

"Mwanzi hukaushwa kwa mia na themanini hivi," akasema, akichuchumaa mbele yake. "Ndiyo unaopata ukakamavu."

Nikamuuliza vipande vyenyewe vina urefu gani. Futi nne. Nikamkumbusha kwamba oveni yangu haimezi hata sinia la keki ya harusi. Alitikisa kichwa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria hilo, akafungua, akafunga, akafungua tena, halafu akaniuliza kama ni lazima ile oveni iwe na mlango.