Sifa za Samansi

Watu huisema samansi vibaya, nami nimechoka kusikia. Ni karatasi chache tu zilizobanwa pini, na muhuri wa mahakama umekaa upande. Haipigi kelele mlangoni. Haiji usiku. Inaletwa mchana na kijana mpole mwenye kalamu, anayetaka sahihi yako aende zake. Halafu mtu aliyekopa shilingi 18,000 dukani, unga leo, sukari kesho, anashika kichwa na kulia kwamba amedhalilishwa.

Kudhalilishwa vipi? Mtaani mdaiwa ana majina mengi, mengine hayaandikiki. Samansi peke yake ndiyo inayomwita kwa majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Wengi wetu heshima hiyo tunaingoja mpaka tangazo la kifo redioni.

Tena ni mganga. Kabla haijaja, mdaiwa ni mgonjwa kweli kweli. Kumbukumbu imemtoka. Simu yake huingia maji kila mwisho wa mwezi. Miguu imekataa njia ya kupita mbele ya duka, sasa anazungukia nyuma ya kanisa kwenye tope. Wazee wamekaa naye, shemeji ametumwa, na jibu likawa lile lile: mwezi huu mambo yamekaza. Siku karatasi inapomfika mkononi, homa inashuka papo hapo. Deni analikumbuka hadi senti. Simu imekauka. Namba ya mwenye duka aliyokuwa ameifungia inafunguliwa, na maneno yanaanzia mbali: "Watoto hawajambo, ndugu yangu? Mbona hukuniambia tu, tungeongea?"

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, ila wahenga hawakuiona Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na milango ikafunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Zamani mtu angeweza kuzeeka na deni lake la 18,000 kwa raha zake, akijua hakuna mwenye akili atakayemlipa wakili pesa nyingi kuliko hizo ili azidai. Ngao yake ilikuwa udogo wa deni. Samansi imemvua ngao hiyo na kumpandisha cheo: sasa hata yeye ana kesi yenye namba, kama wakubwa wanaoonekana kwenye taarifa ya habari.

Wala haina roho mbaya. Haikatazi watu kupatana. Mkikaa na mdai kabla ya siku ya kusikilizwa, mkaelewana alipwe yote au kidogo kidogo, mnaandika, mnatia sahihi, na makubaliano hayo yanapelekwa mahakamani yawe amri. Inachochukia ni kumalizwa kimya kimya. Wako waungwana waliotuma pesa kwa M-Pesa, wakajibiwa "asante sana", wakaichana karatasi. Mdai naye akasahau kuiondoa kesi, au tuseme alisahau. Siku ikafika, mdaiwa hayupo, hukumu ikatoka kwa pesa zilizokwisha kulipwa, na gharama juu yake. Mtu anakuja kushtuka dalali yuko sebuleni anaipapasa sofa. Sasa aende akaombe hukumu itenguliwe, kwa nauli na jasho kubwa kuliko lile deni. Kwa hiyo anayeijua samansi huipa haki yake yote: haufuti ujumbe wa malipo, anamtaka mdai atie sahihi kwamba hana dai tena, na habanduki kwenye dirisha la karani mpaka ameona kwa macho yake notisi ya kuiondoa kesi ikigongwa muhuri.

Lakini kazi yake iliyo bora ni upatanisho. Deni likiisha, mtu anaiacha njia ya tope na kupita tena mbele ya duka, kifua mbele, anasalimia kwa sauti. Hata mwezi haujafika, anaomba pakiti mbili za unga kwa daftari. Naye mwenye duka, ambaye sasa njia ya Milimani anaijua vizuri, anamwandikia bila kusita.