Na polisi nao watoe risiti

Kwa Wakubwa wa Mamlaka ya Mapato ya Malawi,
Msonkho House, Blantyre.

YAH: MATAYARISHO YA ANKARA ZA KIELEKTRONIKI

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Sisi hatujambo, tunajitayarisha. Mmesema mashine za risiti za EFD zistaafu, mfumo mpya wa ankara, EIS, ushike usukani, na kila ankara iwafikie kabla mteja hajapokea chenji yake. Sisi ni watu wa kutii. Stoo zimehesabiwa upya, kila bidhaa imepewa jina na kiwango chake cha kodi, na usipa tuliouza miaka yote kwa kikombe unatafutiwa kipimo ambacho kompyuta haitakikataa. Vijana wanawafundisha wazee kubonyeza. Wazee wanabonyeza.

Najua amri inawahusu waliosajiliwa kwa VAT, na mama muuza mandazi hayumo. Lakini mama ananunua unga kwa mwenye duka, mwenye duka ananunua kwa muuza jumla wa Lilongwe, na muuza jumla akishaingia kwenye mfumo ataanza kuuliza: wewe ni nani, namba yako ya mlipakodi ni ipi, duka lako liko wapi?

Liko wapi. Hapo ndipo kalamu zetu zinapogoma.

Wenzetu waliofungua maduka Nathenje, kwenye barabara ya Dedza, hawakwenda kutalii. Walifuata wateja. Serikali hiyo hiyo inayotaka anwani yao inasema mkimbizi mahali pake ni Dzaleka, wilaya ya Dowa, upande wa pili kabisa wa jiji. Mwaka 1987 Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ikaweka na masharti yake: kazi, mali, mahali pa kuishi, vyote kwa kipimo. Mwaka 1994 lililokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu likageuzwa kambi ya watu 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Fikirieni soko ambalo muuzaji na mnunuzi wote wanasubiri msaada ule ule wa mwezi, halafu mniambie kwa nini mtu alihamia Nathenje.

Basi ajaze nini? Akiandika Nathenje, amejishtaki. Akiandika Dzaleka, amedanganya mfumo, nasi tunaambiwa mfumo haudanganywi.

Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wenyewe kwa hasira za kodi na ukaguzi, na Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja, akawasikiliza. Wiki ile ile, sisi wakimbizi wenye maduka Lilongwe tulifungiwa na polisi. Malori yalikuja, watu wakapakiwa warudishwe kambini, bidhaa zikabaki mikononi mwa yeyote aliyekuwa karibu. Waziri Mkuu hakuja. (Najua, Malawi haina Waziri Mkuu. Hata chifu tungemkaribisha.)

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: mfumo wenu uongezewe sehemu ya polisi.

Kila askari apewe simu yenye programu, na kiprinta kidogo cha kuning'iniza kiunoni jirani na pingu. Akishavunja kufuli, aingize bidhaa moja moja bila haraka. Sukari, mifuko. Mafuta ya kupikia, ndoo. Vitenge, vipande, na rangi azitaje, maana bei hazilingani. Friji, moja, pamoja na soda zilizomo, na aonyeshe zipi alizifungua pale pale. Bei ya kila kitu iko ukutani, tuliibandika sisi wenyewe kwa ajili ya wakaguzi wenu. Punguzo: asilimia 100. Mnunuzi: Boma, yaani Serikali. Tarehe ya malipo: paachwe wazi.

Kwenye kodi sitaki kuwafundisha kazi. Ninyi ndio mtaamua kama unyang'anyi unatozwa kiwango cha kawaida, kiwango cha sifuri, au umesamehewa kabisa. Mpaka sasa umesamehewa.

Kisha kiprinta kilie, karatasi itoke na msimbo wake wa QR, na mwenye duka aupige skani akiwa juu ya lori, ajue kwamba alichoporwa kimesajiliwa kihalali. Mtandao ukikatika, ankara ihifadhiwe kwenye simu, itumwe baadaye. Sehemu ya kurekebisha ankara pindi bidhaa zikirudishwa, msiihangaikie. Fedha ya mlipakodi isitumike kujenga kitu ambacho hakuna atakayekibonyeza.

Na watoto waliokokotwa siku zile hadi gereza la Maula, wao wanaandikwaje? Kwa kipande? Kwa uzito? Ninyi mnaodai kuona kila pakiti ya chumvi inayouzwa kuanzia Karonga hadi Nsanje, hamkuliona lori lililojaa watu mchana kweupe? Mnatuona vizuri tukiwa na pesa. Pesa ikishatoka, tunageuka wageni tusiojulikana tumetoka wapi.

Nisameheni, nimetoka nje ya mada.

Maombi mengine ni madogo. Umeme uwepo saa za kazi. Na kibali cha kutoka kambini kwenda kununua bidhaa kipatikane kwa kasi ile ile ambayo ankara itasafiri hadi Blantyre. Tukikosa kasi hiyo, basi ankara zetu nazo zipangiwe foleni, zirudi kesho, zirudi Jumatatu, afisa hayupo.

Nasubiri jibu kwa heshima zote. Mkilituma Dzaleka litanifikia. Mkiona ni lazima liende kwenye anwani ya duka, Nathenje, lipitishieni kituo cha polisi, maana mkinikuta huko Nathenje, kituoni ndipo nitakapokuwa.

Wenu mtiifu,
Mwenye duka