Pongezi kwa Bodi ya Shule Yetu

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUWALINDA WATOTO WETU DHIDI YA VIPAJI VYAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa watoto wawili hapo shuleni, binti wa kidato cha tatu na mdogo wake wa kidato cha kwanza, na nimeona si uungwana kukaa kimya mbele ya kazi nzuri kama hii.

Nianze na ratiba iliyobandikwa nje ya ofisi ya taaluma. Wasichana: kufagia, kudeki, kuchota maji, chai ya walimu. Wavulana: kufyeka na kuhamisha madawati. Zamu ya chai huanza kipindi cha hisabati kikiwa kinaendelea, kwa hiyo binti yangu sasa anakadiria tangawizi kwa jicho tu. Milinganyo atakokotolewa na mumewe.

Kigugumizi kilinipata mlipowakatalia wavulana wawili kujiunga na klabu ya mapishi na ushonaji, eti ni kazi za kike. Nikapita sokoni. Sketi za wasichana wa shule yetu zinashonwa na wanaume watupu, vyerehani vimepangwa barazani, futi zinaning'inia shingoni. Chipsi mayai za pale getini anakaanga kijana mwenye ndevu. Pilau ya mahafali mwaka jana alipika mzee mmoja kwa mwiko mrefu kama kasia, nawe Mwenyekiti uliongeza sahani. Kumbe jiko ni la mwanamke mpaka lianze kulipa.

Soka mmewakataza wasichana, wabaki na netiboli, wasije wakaharibika. Laiti mngewawahi Serengeti Girls! Oktoba 2022 mabinti wale wasiozidi miaka 17 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakaingia robo fainali. Hao ndiyo basi tena, wameshaharibika.

Halafu kuna tangazo lenu kwamba Dada Mkuu ni msaidizi wa Kaka Mkuu. Limetundikwa chini ya picha ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021. Msumari ni mmoja, sijui unavumilia vipi.

Wavulana nao hamjawasahau. Muhula uliopita mwanangu alifiwa na bibi yake, akalia darasani. Mwalimu wa zamu akamwambia mtoto wa kiume hujikaza, kisha akamchapa viboko sita mbele ya wenzake ili apate sababu ya kulia. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, na zinaagiza msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kuhusu mvulana aliyefiwa hazisemi kitu, hivyo vile viwili vya ziada nimevihesabu kuwa rambirambi. Dawa imefanya kazi: mtoto halii tena. Haongei pia. Nikimuuliza habari za shule ananijibu "poa", anaingia chumbani na kufunga mlango. Ana miaka kumi na minne na tayari ni mwanaume kamili kwa viwango vyenu.

Naomba mwongozo wa maandishi kabla ya Jumatatu. Siku hiyo binti yangu ana jaribio la fizikia saa nne, na jina lake liko kwenye zamu ya chai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi