Negetivu Kwenye Kamba ya Nguo

Bomba la jirani wa ghorofa ya juu lilipasuka alfajiri ya Jumapili. Maji yakapenya dari ya ukumbi wetu hapa Saint-Gilles, Ubelgiji, yakashukia kabatini na kujaa kwenye sanduku la negetivu nilizopiga tangu ujana wangu Tanga.

Mke wangu akaja mbio na mashine ya kukaushia nywele. Nikamsihi asiiwashe. Picha ya filamu imo ndani ya utando wa jelatini: ukilowa hulainika, ukipata joto huharibika, na negetivu zikikauka zimegandana hazibanduki tena. Dawa yake ni maji zaidi, safi na ya baridi.

Basi bafu likajazwa. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, akawekewa kigoda, akawa anazibandua moja moja kwa vidole vilivyozoea kuchambua mchele. "Taratibu, baba," akaniambia, maana mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Watoto wakazitundika kwa vibanio vya nguo, kamba ikivuka bafu kutoka dirishani hadi mlangoni. Siku hiyo hakuna aliyeoga, na chai ya asubuhi tuliinywa adhuhuri.

Binti yetu akainua moja kwenye mwanga: mwanamke kaegemea baiskeli, uso mweusi, nywele nyeupe, kama negetivu zilivyo. "Bibi, huyu nani?" Mama mkwe alimtambua kwa jinsi alivyosimama. Ni dada yake, marehemu, siku ya harusi yetu. Akaishika kwa muda mrefu, nasi tukanyamaza.

Kamera haijawahi kunilisha. Katika mtaa huuhuu, kwenye kona ya avenue de la Jonction, aliishi Édouard Hannon, mhandisi wa kampuni ya Solvay. Naye alikuwa mpiga picha wa ridhaa, na mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha upigaji picha cha Ubelgiji. Nyumba yake, aliyoichora Jules Brunfaut mwanzoni mwa karne ya 20, leo ni makumbusho. Kila nipitapo pale naamini zaidi kwamba picha ya ridhaa si picha ya daraja la pili. Nani angelipwa kumpiga picha dada wa mama mkwe na baiskeli yake?

Wewe mwenye sanduku kama langu, liweke mbali na mabomba. Kisha keti na wazee wako wangali hai, uwaulize majina, uyaandike kwa penseli juu ya kila bahasha.